Taa Nyekundu ya Kisima Changu Rongai

Fundi alitazama taa nyekundu ya kontrola, kisanduku kinachowasha na kuzima pampu ya kisima changu, kwa muda usiotimia dakika moja, kisha akaniambia, “Mwalimu, kisima kimekauka. Tung'oe pampu tuishushe zaidi.” Kung'oa pampu iliyoning'inia mita 110 chini ya ardhi si kazi ya mchezo: inahitaji vyuma vya miguu mitatu, vijana wanne wenye nguvu na siku nzima bila maji kwa ng'ombe wangu na kwa majirani wanaochota kwangu hapa Rongai, kaunti ya Nakuru. Nilimwomba anipe siku mbili.

Tahadhari hiyo niliinunua kwa bei ghali. Mwaka uliotangulia, taa hiyohiyo ilipowaka, fundi mwingine aliunganisha vituo vya nyaya za elektrodi, yaani vyuma vinavyoiambia kontrola kama kisimani kuna maji, kwa kipande cha waya, maji yakatoka, nami nikamlipa na kumshukuru. Kipande kile kilibaki humo. Kiangazi cha Januari kilipoyashusha maji chini ya pampu, hapakuwa na kitu cha kuizima, na kwa kuwa mota ya kuzama hupozwa na maji yanayopita ubavuni mwake, iliungua usiku mmoja tukiwa tumelala.

Katika kisima changu zimeshushwa nyaya tatu nyembamba zenye elektrodi nchani, na kontrola hupitisha mkondo mdogo sana kati yake kupitia maji yenyewe. Maji yakishuka chini ya elektrodi ya mita 104, pampu huzimwa, na haiwashwi tena mpaka yafikie ile ya mita 95. Kwa kontrola, basi, waya uliokatika na kisima kilichokauka ni kitu kimoja.

Nilianza kwa kupima maji. Kando ya bomba kuu tuliacha bomba jembamba la plastiki, na humo niliteremsha kamba ya nailoni yenye mafundo kila mita, na bolti nzito mwishoni. Nilipoivuta, alama ya unyevu ilianzia fundo la 63. Maji yalikuwa juu ya elektrodi kwa zaidi ya mita 30. Taa ilikuwa inadanganya, au tuseme ilikuwa inadanganywa.

Nilizima swichi kuu, nikangoja kapasita imalize umeme wake, kisha nikafungua nyaya za mota ili pampu isiweze kuwaka kwa bahati mbaya. Nilitoa zile nyaya tatu, nikaunganisha vituo vyake kwa waya mfupi na kurudisha umeme: taa nyekundu ikazimika, kwa hiyo kontrola ilikuwa nzima. Baada ya kuzima umeme tena nilirudisha nyaya mahali pake, nikaenda mdomoni mwa kisima, mita 30 kutoka stoo yenye kontrola, na kuziunganisha hapo, upande wa chini wa kiungo kinachounga nyaya za stoo na zile za kisimani. Safari hii taa ilibaki nyekundu. Kasoro ilikuwa mahali fulani ndani ya mita hizo 30, wala haikuwa kisimani.

Niliifungua ile tepu nyeusi ya kiungo na tope likanichuruzikia mkononi. Waya mmoja ulikuwa umeliwa na kutu ya kijani hadi ukabaki unga ndani ya plastiki yake. Nilikata mpaka kwenye shaba safi, nikaunga upya kwa mpira wenye gundi unaonywea ukipashwa moto, na kukipandisha kiungo ndani ya kisanduku, nusu mita juu ya ardhi. Kile kipande cha majaribio nilikiondoa kwanza kabla ya kufunga nyaya za mota. Fundi alipopiga simu siku ya pili kuuliza kama awalete vijana, ng'ombe walikuwa wanakunywa.

Haikupita wiki kabla taa ya pili, ya mota kuzidiwa, kuanza kuwaka jioni. Nilimwita fundi yuleyule, kwa kuwa ana mita ya klampu ya kupimia mkondo wa umeme, akashauri tuongeze kiwango cha ampea, yaani mkondo ambao ukipitwa kontrola huizima mota. Nilikataa mpaka tupime. Alfajiri tulipata volti 238 na ampea 10.4; saa mbili usiku, kijiji kizima kikiwa kimewasha kila kitu, tulipata volti 197 na ampea 13. Mota yenye mzigo uleule hufidia upungufu wa volti kwa kuvuta mkondo zaidi, na joto la mkondo huo ndilo huunguza koili. Tuliacha ampea zilivyokuwa, tukaiweka kontrola izime volti zikishuka chini ya 210 na ingoje dakika tano kabla ya kuwasha tena, na saa ya kuanzia tukaihamishia saa nane usiku.

Namba 10.4 nimeiandika kwa penseli ndani ya mfuniko wa kontrola, na chini yake naongeza kipimo kipya kila mwezi. Cha mwisho ni 10.6.