Siku Moja Maishani Mwangu: Maji Yakisukumwa Ardhini, Je, Nchi Hutetemeka?

Saa 12:00 asubuhi. Napanda matatu Kahawa West kuelekea mjini, na kwa kuwa foleni ya Barabara ya Thika haina haraka, napata nafasi ya kusoma maswali ambayo wanafunzi wangu wa jiolojia wamenitumia usiku. Karibu wote wanauliza jambo lile lile: je, kupasua miamba kwa shinikizo la maji, kama wafanyavyo Marekani ili kutoa mafuta na gesi, ndiko kunakoleta matetemeko ya ardhi? Mmoja wao kwao ni Lokichar, Turkana, eneo ambalo mafuta yaligunduliwa mwaka 2012, na kwake swali hili linahusu boma la wazazi wake.

Saa 2:00. Nipo maabara, Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Natoa kwenye friji kopo tupu la soda lililolala humo usiku kucha, kisha naliweka kifudifudi, tundu likiangalia chini, juu ya kioo kilicholowa maji na kuinamishwa kidogo tu. Kwa muda mfupi linatulia. Halafu hewa iliyo ndani inapata joto, inataka kutanuka, inalisukuma kopo juu kwa nguvu ndogo isiyoonekana kwa macho, na kopo linateleza hadi ukingoni ingawa mwinamo wa kioo haujabadilika hata kidogo. Jaribio hili lilielezwa na wanajiolojia wa Marekani Hubbert na Rubey mwaka 1959, na sijaona lililo bora zaidi. Ufa wa chini ya ardhi nao umebanwa na uzito wa miamba; maji yakipenya humo kwa shinikizo, mbano hupungua, na ufa uliokwisha kubeba mkazo wa karne nyingi huteleza.

Saa 4:00. Mhadhara. Nasisitiza kwamba kuna kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kupasua mwamba wenyewe kwa maji, mchanga na kemikali, kazi ya saa au siku chache, ambayo kwa kawaida huleta mitetemo midogo isiyohisiwa na mtu. Hata hivyo, si salama kila mahali: karibu na Blackpool, Uingereza, tetemeko la ukubwa wa 2.3 lilitokea mwaka 2011, jingine la 2.9 likafuata Agosti 2019, na Novemba mwaka huo serikali ikasimamisha shughuli hiyo. Huko Alberta, Kanada, na Sichuan, China, matetemeko ya namna hii yamepita ukubwa wa 4.

Kazi ya pili ni kuyarudisha ardhini maji ya chumvi yanayotoka pamoja na mafuta, mara nyingine mapipa kumi au zaidi kwa kila pipa la mafuta, na hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Oklahoma, ambayo kabla ya mwaka 2009 ilipata tetemeko moja au mawili kwa mwaka yenye ukubwa wa 3 au zaidi, ilipata zaidi ya 900 mwaka 2015, na Septemba 2016 Pawnee ikatikiswa na la 5.8. Wasimamizi walipoamuru maji yapunguzwe, matetemeko nayo yakapungua. Wala halikuwa jambo jipya: karibu na Denver, jeshi la Marekani lilianza mwaka 1962 kusukuma maji taka katika kisima chenye kina cha zaidi ya mita 3,600, matetemeko yakaanza, jeshi likaacha mwaka 1966, na bado kubwa kuliko yote likaja Agosti 1967. Maji huendelea kusambaa miambani hata baada ya pampu kuzimwa.

Saa 7:00 mchana. Tukila githeri, yule kijana wa Lokichar ananiuliza, “Mwalimu, sasa kwetu tuogope?” Namjibu kwamba mafuta ya kwao yana nta na hugandamana, na kwamba mpango uliotangazwa ulikuwa kusukuma ardhini maji kutoka bwawa la Turkwel ili kutunza shinikizo la mwamba. Kwa hiyo wazazi wake wana haki ya kuuliza maji yataingia kiasi gani, kwa shinikizo gani, na nyufa zilizo karibu zimechorwa na nani.

Saa 9:00. Nakagua rekodi za mitetemo. Bonde la Ufa hutetemeka lenyewe: Subukia ilipigwa Januari 1928 na tetemeko la ukubwa wa karibu 6.9, na Julai 2007 watu wa Nairobi walikimbia kutoka maghorofani kwa sababu ya mwendo wa magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, kaskazini mwa Tanzania. Ndiyo maana nina wasiwasi. Pasipo vinasa mitetemo vilivyofungwa miaka kadhaa kabla ya kisima cha kwanza cha maji, tetemeko likija, kampuni itasema ni la asili, wanakijiji watasema ni la kampuni, na hakutakuwa na rekodi ya kuamua.

Saa 11:00 jioni. Naandika pendekezo kwa idara: vinasa vizunguke Lokichar mapema, vipimo viwe wazi kwa umma, na kila lita inayosukumwa iandikwe pamoja na tarehe na shinikizo lake. Nimemwomba yule kijana asome rasimu kwanza, maana yeye anajua ni shule na zahanati zipi huko zenye mlinzi wa kukitunza chombo.