Kutoka Yiwu hadi Yanguan na kitenzi kimoja

Sokoni Yiwu, mkoa wa Zhejiang, China, nililisikia neno zhǎng (涨), yaani kupanda kwa bei au kujaa kwa maji, kabla sijatua begi. "Zhǎng le liǎng kuài," alisema muuza vifungo, yaani imepanda yuan 2. Safari iliyopita pakiti ilikuwa yuan 8, basi sasa ni 10, maana le, alama ya tendo lililotimia, ikifuatwa na kiasi hutaja nyongeza. Bei mpya yenyewe hutajwa kwa dào: "zhǎng dào shí kuài", imefika 10. Ukizichanganya, hesabu ya mzigo mzima inaharibika, kwa hiyo mwambie abonyeze tarakimu kwenye kikokotoo. Na "méi zhǎng" ni haijapanda mpaka sasa, si ahadi ya kesho. Ukitaka ahadi, subiri aseme "bù zhǎng", haitapanda.

Toni ni ya tatu: sauti izamishe chini, ndipo uinyanyue kidogo. Ukiiacha juu bila kuishusha inakuwa zhāng, neno la kuhesabia karatasi na tiketi.

Nilipanda treni ya kasi kwenda Hangzhou, ila kupanda huko si zhǎng. Treni ni shàng chē, mlima ni pá shān, mbegu ni zhòng. "Panda" yetu imebeba mengi mno, na hapo ndipo tunapojikwaa. Abiria wa pembeni alikuwa akitazama hisa kwenye simu: nyekundu zhǎng, kijani diē, yaani zimeshuka. Rangi za Ulaya na Marekani ni kinyume.

Yanguan, wilayani Haining, nilifika tarehe 18 ya mwezi wa 8 wa kalenda ya Kichina, wakati wa bamvua. Maji kujaa ni zhǎng cháo, kupwa ni tuì cháo. Mdomo wa Ghuba ya Hangzhou una upana wa kama kilomita 100, kisha unabanwa kama faneli, na bahari inaingia Mto Qiantang kwa wimbi moja lililonyooka. Ngurumo hutangulia, mstari mweupe hufuata. Usivuke uzio hata wimbi likishapita, kwa sababu maji huendelea kujaa nyuma yake, na wanaoshuka kupiga picha hunaswa hapo.

Asubuhi, kibandani Hangzhou, ndoo ya soya zilizolowekwa usiku kucha: "pào zhàng le", zimevimba. Herufi ni ileile 涨, toni ya nne, inayoporomoka. Mama muuzaji alibana punje moja kwa kucha. Ikapasuka katikati, laini mpaka ndani, akawasha mashine ya kusagia.