Wai-Fai imegoma baada ya kuweka Linux pembeni ya Windows? Anza na namba ya chipu

Umeweka Linux Mint au Ubuntu pembeni ya Windows, mashine inawaka vizuri, ila alama ya Wai-Fai haipo. Wengi hapo hapo huanza kunakili amri za kila aina, na baada ya saa moja wana draiva (programu zinazoendesha kifaa) tatu zinazogombania chipu moja. Usianze huko. Fungua teminali uandike:

lspci -nnk | grep -iA3 net

Tazama mistari miwili. Wa kwanza una jina la kadi na namba ndani ya mabano ya mraba, mfano 14e4:4365, yaani Broadcom BCM43142. Nusu ya kwanza ni mtengenezaji (14e4 ni Broadcom, 10ec Realtek, 8086 Intel), nusu ya pili ni chipu yenyewe. Tafuta msaada kwa namba hiyo, si kwa jina la laptopu, maana modeli ileile huweza kutoka kiwandani na kadi tofauti. Mstari mwingine ni "Kernel driver in use". Ukiuona, draiva imeshika na kinachosumbua ni kitu kingine. Usipouona, hakuna draiva iliyoshika.

Tuseme imeshika. Andika rfkill list. "Soft blocked: yes" inaondoka kwa rfkill unblock all. "Hard blocked: yes" haisikii amri: tafuta swichi ubavuni au kitufe cha ndege pale juu ya kibodi.

Kama hakuna kilichofungwa, mshukiwa ni Windows yenyewe. Tangu Windows 8 kuna Fast Startup: ukibonyeza Shut down, mfumo hauzimiki kabisa, unalala nusu na huweza kuiacha kadi katika hali ambayo Linux inashindwa kuiamsha. Kipimo chake ni rahisi. Toka Windows kwa Restart badala ya Shut down, kisha ingia Linux. Wai-Fai ikirudi, umempata mchawi. Rudi Windows, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika:

powercfg /h off

Amri hii inaondoa pia hibernate na kukurudishia gigabaiti kadhaa za diski. Na hata kama Wai-Fai haina shida, zima tu hiyo Fast Startup. Ndiyo pia hufanya Linux igome kuandika kwenye diski ya Windows.

Sasa Broadcom, ambayo ndiyo sumbufu kuliko zote. Draiva ya chipu zake kama BCM43142, iitwayo wl, haiji na keneli (kiini cha mfumo wa Linux), na ili uipakue unahitaji intaneti ambayo huna. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa USB tethering, na Linux itaiona kama waya wa mtandao. Simu ikiwa kwenye Wai-Fai ya nyumbani, bando lako haliguswi. Kisha:

sudo apt update
sudo apt install bcmwl-kernel-source

Hapa ndipo wengi wanapokwama bila kujua. Secure Boot (ulinzi wa mashine wakati wa kuwaka) ikiwa imewashwa, keneli inakataa moduli, yaani kipande cha draiva, isiyo na sahihi inayoitambua. Wakati wa kusakinisha utaombwa utunge nywila ya herufi 8 hadi 16. Ukiwasha upya, kinatokea kioo cha buluu: chagua Enroll MOK (kusajili ufunguo wa sahihi hiyo), Continue, Yes, andika nywila ile. Kioo hicho kinasubiri sekunde chache tu, ukizubaa kinapita. Ukijaribu sudo modprobe wl ukajibiwa "Key was rejected by service", ujue ulikikosa. Rudia:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

halafu washa upya ukiwa umekaa mbele ya mashine. Kuzima Secure Boot kwenye BIOS nako kunafanya kazi, ila kama diski ya Windows imefungwa kwa usimbaji wa BitLocker, hakikisha kwanza unao ufunguo wa kuifungulia.

Realtek RTL8723BE ina kituko chake: inafanya kazi, lakini ukisogea chumba cha pili mtandao unakufa. Baadhi ya HP zina waya mmoja tu wa antena, tena upande ambao draiva haiutazami. Iambie draiva igeukie upande wa pili:

echo "options rtl8723be ant_sel=2" | sudo tee /etc/modprobe.d/rtl8723be.conf

Washa upya, linganisha nguvu ya mawimbi kwa nmcli dev wifi. Pasipo mabadiliko, weka 1.

Draiva kama wl hujengwa upya kila keneli inaposasishwa, na ujenzi huo unahitaji kifurushi cha linux-headers-generic. Wai-Fai ikipotea baada ya sasisho, chagua keneli ya zamani kwenye Advanced options za GRUB (menyu ya kuchagua mfumo wakati wa kuwaka), kisha andika dkms status uone keneli ipi haikupata moduli yake. Hadi mpya ifanye kazi, usiifute ile ya zamani.