George Norris na azimio lililokaa mfukoni

Nimekuwa nikisoma habari za George William Norris, mbunge na baadaye seneta wa jimbo la Nebraska, Marekani, na sehemu ninayoirudia mara kwa mara ni ile ya Machi 1910. Wakati huo Joseph Cannon, Spika wa Baraza la Wawakilishi, aliteua wajumbe wa kamati zote, na pia aliiongoza mwenyewe kamati ya kanuni, iliyoamua mswada upi ujadiliwe na upi ufie kwenye makabrasha. Norris, ingawa alikuwa Mrepublican kama Cannon, alikuwa ameandika azimio la kumwondoa Spika katika kamati hiyo, akalihifadhi mfukoni kwa muda mrefu, maana hapakuwa na njia ya kulifikisha mezani pasipo ridhaa ya mlengwa mwenyewe. Tarehe 17 Machi upenyo ulipatikana. Upande wa Cannon ulikuwa umeshikilia kwamba mswada wa sensa upewe kipaumbele kwa kuwa sensa imetajwa katika Katiba. Norris akasimama akasema kwamba hata uwezo wa Bunge kujiwekea kanuni umetajwa humo humo, kwa hiyo azimio lake nalo lilistahili kipaumbele. Baada ya mabishano yaliyokesha, tarehe 19 azimio lilipita kwa kura 191 dhidi ya 156. Cannon alibaki Spika, lakini meno yake yalikuwa yameng'olewa.

Wengi humkumbuka Norris kwa kuwa mmoja wa maseneta sita waliopinga Marekani kuingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1917. Ulikuwa ujasiri, sikatai, ila mimi navutiwa zaidi na ustahimilivu wake katika suala la Muscle Shoals, Alabama, ambako alitaka umeme wa mto Tennessee ubaki mali ya umma. Alizuia mpango wa Henry Ford, mtengenezaji wa magari, wa kuichukua mitambo ya serikali ya huko, akapitisha miswada miwili iliyokataliwa na marais, Coolidge mwaka 1928 na Hoover mwaka 1931, hadi Roosevelt alipotia saini sheria ya Mamlaka ya Bonde la Tennessee, shirika la umma la kuzalisha umeme wa mto huo, mwezi Mei 1933.

Mwaka 1936 alishinda akiwa mgombea binafsi. Mwaka 1942, akiwa na umri wa miaka 81, aliangushwa na Mrepublican Kenneth Wherry. Nadhani mtu aliyetumia miaka 40 bungeni kupunguza nguvu za vyama hakuwa na haki ya kutarajia chama chochote kimwokoe.