Nilimpa bibi jina

Leo Jumamosi, siku ya sita, na neno la bibi bado linanirudia. Nikipiga mswaki linakuja, nikikaa kwenye daladala linakuja, na jana katika Isha nilisahau niko rakaa ya ngapi kwa sababu yake.

Mliosoma ile habari ya mbuzi aliyetafuna kitambulisho changu mnamjua bibi yangu, anakaa Tumbe huku Pemba, kwa hivyo simwelezi zaidi. Jumapili nilikwenda kumtazama. Nikamkuta uani kakaa juu ya mbuzi (ya kukunia nazi, yule mwengine alishachinjwa), mbele yake changu wanane, kawapasua mgongoni kawafungua kama kitabu, anawasugua chumvi. Anatengeneza ng'onda. Beseni lililokuwa chini lilishaingia maji, wala hakuna aliyetia maji.

"Mke mwenzangu," akaniita, "we si ndo msomi wa vitu vyenye uhai? Hebu nambie. Mie samaki namfuta mpaka kakauka, chumvi natia kavu, halafu maji yote haya. Chumvi inayatoaje?"

Wallahi nilifurahi. Miaka miwili ananiuliza nitaolewa lini, leo kaniuliza kitu ninachokijua. Nikamjibu mbio mbio, kama niko mbele ya ubao: "Hiyo ni osmosisi, bibi."

"Ndo nini?"

Nikaanza kwa Kiingereza, nikasimama. Nikaanza upya: "Maji yanatoka kwenye... yanatoka pale penye..." Nikasimama tena. Mkono ulikuwa juu, unaonesha kitu ambacho hakikuwepo.

Hakucheka. Angecheka ningepona. Aliteka chumvi nyengine, akamgeuza changu upande wa pili, akasema bila ya kuninyanyulia macho:

"Umenipa jina lake. Mie nimekuuliza kazi yake."

Basi. Akaniambia nimletee kawa afunikie nzi.

Nimeirudia mara ngapi sijui. Kuna wakati naisikia kama kejeli, lakini bibi akikejeli huinua nyusi, na siku ile hakuinua. Aliuliza kweli, akasubiri kweli, akaona hapana kitu, akarudi kwenye samaki wake. Hilo ndilo linalonikera. Ile fasili naiandika nikiwa nimefumba macho, koma kwa koma, na kwenye moku, ule mtihani wa majaribio, sikukosa hata maksi moja ya swali lile. Ila nimeihifadhi kwa Kiingereza kama ilivyo ubaoni. Mwalimu wetu akiona tumemkodolea macho hutueleza kwa Kiswahili, tena anaeleza vizuri, tunacheka, tunaelewa. Halafu husema "haya, sasa andikeni," na tunachoandika si kile tulichokielewa. Kiswahili hubaki darasani, kengele ikilia kinatoka na upepo.

Wiki yenyewe haikuwa tupu: matokeo ya moku yametoka (baiolojia B, fizikia tusiizungumze), binamu yangu kaolewa Chake Chake, na umeme ulikatika usiku mbili mfululizo. Hayo yamepita. Nilikwenda harusini nikakaa karibu na sufuria la biriani nikiwaza beseni la bibi.

Jumanne tulikuwa na praktiko ya mbatata. Unakata vipande vya urefu mmoja, unavitia kwenye maji ya sukari yaliyozidiana ukali, unasubiri, unavipima upya. Kile cha kwenye maji matupu kikanenepa kikawa kigumu. Kile cha kwenye sukari kali kikasinyaa, ukikishika katikati kinaning'inia pande mbili kama mkia wa panya. Mwenzangu anaandika namba, mie nimekishikilia tu. Kichwani nikaona wavu. Wavu wa dagaa, ule unaoanikwa pwani pale Tumbe.

Jumatano nikampigia bibi kwenye kitochi chake. Nikamwambia: bibi, nyama ya samaki ni vijumba vidogo vidogo visivyohesabika, na kila kijumba kimezungushiwa wavu wenye macho madogo mno. Maji yanapita, chumvi haipiti. Maji hayatulii, yanatoka na kuingia saa zote. Sasa ukimwaga chumvi nje, maji ya nje yanashughulika nayo, yanayorudi ndani yanakuwa machache, yanayotoka yako vile vile. Ndiyo unayoyaona kwenye beseni.

Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Hapo sawa," akasema. "Wavu naujua."

Niliruka, jamani. Niko kibarazani kwa shangazi, mjini Wete, majirani wananiangalia, naruka. Hapo hapo akaongeza:

"Lakini ikiwa chumvi haipiti wavuni, mbona ng'onda wangu huwa na chumvi mpaka mwibani?"

Na salio likaisha. Nashukuru liliisha.

Alhamisi nikalipeleka swali kwa mwalimu, sikusema ni la nani. Alisimama na chaki mkononi muda mrefu kuliko kawaida yake. Akasema: yule samaki kafa. Seli ikishakufa utando wake hauchagui tena anayepita na asiyepita, kwa hivyo maji yanatoka na chumvi nayo inaingia taratibu mpaka ndani. Wavu umechanika. Halafu akasema, "Hilo haliji kwenye mtihani." Nimeliandika nyuma ya daftari, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja na nusu.

Jana usiku, umeme umerudi, nikafungua kitabu cha baiolojia, mlango wa udhibiti wa maji mwilini. Samaki wengi wa baharini hukaa kwenye maji yenye chumvi kuliko miili yao, kwa hivyo kila dakika wananyang'anywa maji, nao hunywa bahari na chumvi wakaitoa kwenye mashavu yao ya kupumulia. Papa hafanyi hivyo. Papa huiweka urea kwenye damu yake, uchafu ule ule ambao sisi tunautoa kwenye mkojo, mpaka damu inakaribiana na bahari na maji hayamtoki. Akifa, bakteria huigeuza urea kuwa amonia.

Bibi, tangu nina akili zangu, kila akianika papa husema: "Huyu hunuka mkojo kwa kuwa hana adabu."

Nilicheka mpaka shangazi akagonga ukuta. Kumbe ni mkojo! Simpigii simu kwa hili, nataka kuuona uso wake. Kesho nikitoka tuisheni napanda gari la Tumbe moja kwa moja, na safari hii jina nitalitaja mwisho, au nisilitaje kabisa.

Ila kaka hajapiga. Yuko dago, kambi ya wavuvi, tangu wiki iliyopita na kila Alhamisi hupiga, hata kama ni kuomba vocha tu. Upepo tangu jana si ule. Mama anasema huko waliko hakuna mtandao. Mwaka jana ulikuwepo.