Ardhi 21 kwenye simu, 23 mezani: kumbukumbu ya deki yangu nyeupe

Ardhi 21. Swali la deki yangu iwe na kadi ngapi za ardhi, zile zinazotoa mana ya kulipia kadi nyingine, nimelizungusha tangu zabibu zikiwa bado zimejaa sokoni, na jibu ndilo hilo, angalau kwa deki ninayochezea kwenye simu. Deki nyeupe ya Magic Arena, mchezo wa kadi wa Magic kwenye simu na kompyuta, imetoka daraja la Bronze, imeipita Silver bila kusota sana, na sasa iko Gold inavuta pumzi. Kwa deki ya mtu anayeanza, iliyojaa kadi za kawaida ambazo mchezo wenyewe unakugawia bure au karibu na bure, mimi nimeridhika.

Mambo ya mwanzo kwa kifupi tu. Rangi tano za kadi, kila mchezaji ana uhai 20 na deki ya kadi 60, na unashusha ardhi moja kwa zamu. Wazo la deki nalo halijabadilika. Kiumbe Ajani's Pridemate anashuka 2/2 (nguvu 2, ustahimilivu 2) kwa mana mbili, na kila nikiongezewa uhai anapata alama ya +1/+1. Waliobaki kazi yao ni kuniongezea uhai kidogokidogo. Healer's Hawk wa mana moja anaruka, na anachompiga mpinzani kinarudi kwangu kama uhai. Hinterland Sanctifier ananipa pointi moja kila kiumbe changu kingine kinapoingia, na Dazzling Angel vilevile. Utamu uko hapo: hao wawili wakiwa mezani pamoja, kiumbe kimoja kikiingia naongezewa pointi moja mara mbili, na Pridemate anahesabu mara, hana habari na kiasi. Kuna mechi nilishusha viumbe viwili vya mana moja katika zamu ileile, Pridemate akapanda kutoka 4/4 hadi 8/8, jamaa wa upande wa pili akaganda hadi kamba ya muda ikaanza kuungua.

Hayo ni mambo ya siku njema. Siku nyingine zote zilikuwa za ardhi.

Kitufe cha kupendekeza ardhi kilinipa 24, na ukiuliza wazoefu wengi watakwambia 24 ndiyo desturi kwenye deki ya kadi 60. Sawa. Mkono wa kwanza unakuja mzuri, zamu tatu za mwanzo zinakwenda, halafu bomba linafunguka. Ardhi. Ardhi. Ardhi tena. Nimekaa na ardhi saba mezani na mkononi nina mbili nyingine, huku deki nzima haina kitu kinachotaka mana zaidi ya tano. Ukipiga hesabu haishangazi: katika kadi 60 zenye ardhi 24, ukianza wewe, hadi zamu ya saba umeona kadi 13, na kwa wastani 5.2 kati ya hizo ni ardhi. Deki yangu ikishapata nne imeshiba. Kila inayozidi ni kadi isiyo na kazi, na deki ya viumbe vidogo haina njia ya kuvuta kadi za ziada ukiacha Inspiring Overseer, anayekupa kadi moja anapoingia.

Nikashusha hadi 20. Hapo ndipo nilipoanza kuichukia simu. Ardhi mbili, Overseer wawili na Dazzling Angel mkononi, wote wa mana tatu, wananitazama. Zamu ya tatu, hakuna. Ya nne, hakuna. Mpinzani ananivunjia Hawk kwa mana moja, mimi bado nangoja ardhi kama abiria wa daladala Jamatini, hapa Dodoma, saa kumi na mbili jioni.

Basi nikafungua jedwali la hesabu. Kwa wanaopenda kujaribu wenyewe, fomula ni HYPGEOM.DIST, inafanya kazi kwenye Excel. Ukiandika HYPGEOM.DIST(2, 9, 20, 60, TRUE) unaiuliza hivi: nimeona kadi tisa kutoka deki ya 60 yenye ardhi 20, uwezekano wa kuwa na ardhi mbili au pungufu ni upi? Kadi tisa ndizo unazokuwa umeziona zamu ya tatu kama umeanza wewe. Jibu ni asilimia 36. Kwa ardhi 21 ni 32, kwa 22 ni 28, kwa 23 ni kati ya 24 na 25, kwa 24 ni 21. Kwa hiyo kila ardhi unayoongeza inakununulia takribani asilimia nne za kutokwama zamu ya tatu, na bei yake unailipa baadaye kwenye mafuriko, yaani ardhi kupita kiasi.

Nikatengeneza na safu ya mkono wa kwanza. Ukiwa na ardhi 20, karibu robo ya mikono ya kadi saba inakuja na ardhi moja au bila ardhi kabisa (24.7 kwa mia). Ukiwa na 24, ni 14 tu. Nikaiangalia safu hiyo, nikaangalia kaunta buku ninamoandika mechi zangu, na vitu viwili havikuongea lugha moja. Kukwama kwa zamu ya tatu nilikuwa nako tele, ila mikono mibovu ya mwanzo haikuwa robo, haikukaribia hata robo.

Sababu ni kwamba Arena, kwenye mechi za mchezo mmoja, haikugawii kadi kama mtu anayechanga karata. Inachota mikono zaidi ya mmoja kimyakimya, kisha inaelekea kukupa ule ambao uwiano wake wa ardhi unakaribia uwiano wa deki yako. Wazoefu wanalijua hili, na wengine wanaliona kama uchakachuaji. Mimi silalamiki. Lakini linabadilisha hesabu yote: safu yangu ya mkono wa kwanza haina kazi kwenye mechi hizo, kwa sababu mkono wa ardhi sifuri mara nyingi umeshachujwa kabla hujauona. Kinachobaki bila kuchujwa ni kadi unazovuta baada ya hapo. Kule ni bahati tupu, na kule ndiko mafuriko yanakozaliwa. Ndiyo maana kwenye simu deki nyepesi inaweza kushuka chini ya 24 bila kuadhibiwa sana mwanzoni, ikavuna faida ya kutofurika mwishoni.

Hata hivyo 20 bado ilikuwa inaniua zamu ya tatu, na hapo nikaacha kuhesabu ardhi nikaanza kuhesabu wanaozidai. Waliokuwa wakinikwamisha walikuwa kundi la mana tatu na tano. Serra Angel, mana tano, 4/4 anayeruka na kushambulia bila kulala. Kadi hii imo kwenye Magic tangu seti ya kwanza kabisa mwaka 1993, na kwangu ndiyo sura ya rangi nyeupe. Kuwatoa kuliniuma kuliko kupoteza mechi. Lakini mkono wenye Serra Angel wawili na ardhi mbili ni mkono wa kadi tano, unajidanganya tu ukiuita wa saba. Wakatoka wote. Overseer wakabaki wawili. Wakaingia Leonin Vanguard na Savannah Lions, wote wa mana moja, na ardhi nikairudisha moja juu, 21.

Tangu hapo deki inatembea. Ikikwama kwenye ardhi mbili bado inacheza: Pridemate, au viumbe viwili vya mana moja. Kukwama kumebaki asilimia ileile ya kwenye jedwali, ila hakuumi tena, na siku nyingine sijui hata kama nimekwama hadi mechi iishe nikumbuke kuhesabu.

Kidogo kuhusu zana. Kwenye kompyuta zipo programu zinazosoma faili la mchezo na kukuonyesha kadi zilizobaki kwenye deki, pamoja na asilimia ya kila moja. Kwenye simu yangu sina, na nadhani ni heri. Kaunta buku linanitosha: tarehe, nani kaanza, ardhi ngapi zamu ya tatu, nimeshinda au la. Safu nne. Nilipojaribu kuandika zaidi ya hapo nilikuwa nachelewa kucheza, kamba inaungua. Bando si tatizo la mechi, mechi zenyewe zinakula kidogo. Kinachokula ni masasisho seti mpya inapotoka, na hayo nayapakua kwenye intaneti ya bure nikiipata mahali. Tatizo kubwa zaidi ni simu kupata moto. Mchana wa Oktoba, chumba kina bati bila dari, mechi ndefu usiianze.

Mpango ulikuwa sehemu hii niandike jinsi ninavyoongeza rangi nyeusi. Nimeuweka pembeni. Mdogo wangu amerudi likizo, akaniona nacheza, akauliza: "Kaka, huu haupo wa karata za kushika?" Upo, ndiyo asili yake. Wiki nzima ya mradi ikahamia mezani.

Kadi ya Magic ni milimita 63 kwa 88, na karata nyingi za kawaida zina ukubwa unaokaribiana na huo. Karatasi ya A4 inachukua kadi tisa, tatu kwa tatu. Nikanunua paketi kadhaa za karata zenye mgongo wa aina moja, nikaenda steshenari hapa Makole. Dada wa pale akazikagua picha kwenye kompyuta, akaniangalia.

"Kaka, hizi si za kamari?"

"Hapana dada, za kuchezea nyumbani na mdogo wangu."

"Za rangi au nyeusi?"

Deki ni nyeupe. Nikasema nyeusi, na bei ikashuka vizuri.

Ardhi sikuchapisha. Paketi moja ina kopa 13 na uru 13, jumla 26 nyekundu, zinatosha ardhi zote za deki. Pau na shupaza ndizo nilizobandikia kadi zilizochapishwa. Ilionekana akili sana mpaka tulipocheza. Kadi iliyobandikwa karatasi ni nene kuliko isiyobandikwa, na kwa kidole tu unajua inayofuata ni ardhi au kiumbe. Dogo aligundua kabla yangu na hakusema. Nilimwona anapapasa ubavu wa deki kila anapotaka kuvuta. Dawa yake: ardhi nazo zimebandikwa karatasi tupu, gundi nyembamba, zikalala chini ya kamusi usiku kucha zisijikunje. Tatizo la upepo halikuhitaji teknolojia, kila rundo lina kokoto juu yake. Kibarazani kwetu mwezi wa saba bila kokoto unacheza kukimbizana.

Na hesabu ikarudi. Mezani hakuna anayechota mikono mitatu akakupa ulio bora. Unachanga, unakata, unapewa ulichopewa. Kwa ardhi 21, mkono wenye ardhi moja au sifuri unatarajiwa karibu asilimia 22, na tulianza kuuona waziwazi: mikono ya kurudishwa, unavuta saba tena na kurudisha moja chini ya deki, huku mwenzio ana saba kamili. Ile safu niliyosema haina kazi ikawa ndiyo muhimu kuliko zote. Kwa 23 inashuka hadi 16.5. Kwa hiyo deki ileile ina sura mbili sasa: simu 21, meza 23, na waliotolewa kupisha ardhi mbili ni Leonin Vanguard wawili, maana wao wanataka uwe na viumbe vitatu ndipo waamke.

Dogo hataki tena kucheza nyeupe. Anataka nyekundu, Burst Lightning nne, na amemwona Shivan Dragon, mana sita, 5/5 anayeruka. Anawataka wanne. Na ardhi anataka 20, kwa sababu "kaka, nyekundu ni ya haraka." Nimemwonyesha jedwali. Amesema jedwali langu linaogopa. Nimemchapishia kama alivyotaka, wote wanne, na kopa na uru 20 za kubandika ziko mezani. Jumamosi tunacheza bila kuoneana huruma, na kaunta buku litakuwa wazi.