Kabla hamjamwita mwajiriwa mezani

Mtu akiniambia ameingizwa kwenye kikundi kazi cha wanaojitolea kinachopitia malalamiko dhidi ya waajiriwa, huwa namuuliza kwanza: hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi mliyopewa na mipaka yake, mnazo kwa maandishi? Wengi hawana. Wanacho kifungu kimoja tu kwenye muhtasari wa kikao cha bodi, "kikundi kiundwe kiangalie suala hili," basi, wanaanza kuita watu.

Nimekaa kwenye vikundi vya namna hii zaidi ya kimoja, na mkanganyiko ni uleule. Anayejitolea hana mamlaka ya mwajiri. Hawezi kumpa mtu onyo wala kumsimamisha kazi. Hayo ni ya mkurugenzi, au ya bodi kama anayelalamikiwa ni mkurugenzi mwenyewe. Kazi ya kikundi ni kujua nini kilitokea, nani aliamua na kwa kanuni ipi, na lalamiko lilipofika ofisini lilifanyiwa nini. Hilo la mwisho wajumbe hulipita mbiombio, na mara nyingi ndipo penye uozo.

Lalamiko moja lilitufikia hivi: "Ofisi inatudharau." Hapo huna cha kuchunguza. Tulikaa na aliyeandika, tukamuuliza taratibu, yakatoka mambo manne. Ratiba ya mafunzo ilibadilishwa dakika za mwisho, waratibu wa kujitolea hawakuambiwa, barua pepe yao ya kuuliza haikujibiwa, na masurufu ya safari iliyofutwa haikujulikana kama yalirejeshwa. Sasa kila jambo lina karatasi yake ya kutafuta. Lile la masurufu tulilitoa mezani siku hiyohiyo likaenda kwa mweka hazina, maana fedha zina wakaguzi wake. Madai ya unyanyasaji wa kingono nayo yasikae kwenu hata siku moja. Watu wenye nia njema wasiojua kumhoji aliyeumizwa humuumiza upya, na ushahidi huharibika.

Kisha zamu ya waajiriwa ikafika. Ofisa mmoja aliingia na faili kalikumbatia, akakaa, na kabla hatujamuuliza lolote akatuuliza yeye: "Samahani ndugu wajumbe, haya nitakayoyasema, bosi wangu atayasoma?" Tukatazamana. Mwenyekiti wetu, mama asiyependa kuzungukazunguka, akafunga daftari lake. "Dada, rudi kaendelee na kazi zako. Tutakuita bodi ikishatujibu hilo kwa maandishi." Wajumbe wawili walinung'unika kwamba tunapoteza muda. Kwangu mimi, hatukufanya jambo la maana zaidi ya hilo mpaka tunamaliza.

Umoja wa Ulaya una sheria ya mwaka 2019 ya kuwalinda watoa taarifa, yaani wanaofichua maovu kazini, na inawataja wanaojitolea pamoja na waajiriwa. Mtoa taarifa anatakiwa kuthibitishiwa ndani ya siku 7 kwamba taarifa yake imepokelewa, kisha apewe mrejesho ndani ya miezi 3, na kumlipizia kisasi ni marufuku. Hata kama sheria hiyo haiwahusu, azimeni muda wake. Kikundi kisicho na tarehe ya mwisho huchosha mlalamikaji na mlalamikiwa kwa pamoja.

Mgongano wa maslahi sina mengi ya kusema: kila mjumbe ataje uhusiano wake na wahusika, uandikwe, na aliyewahi kugombana na mlalamikiwa akae pembeni. Asijitetee kwamba yeye ni mtu wa haki. Huenda ni kweli, lakini atakayesoma ripoti hatajua.

Kwenye ripoti ndipo ninapokuwa mkali. Mtu mtakayemkosoa apewe sehemu inayomhusu aisome na kuijibu kabla haijafika kwa bodi. Uingereza desturi hii ilipata nguvu miaka ya 1970, baada ya mfanyabiashara Robert Maxwell kuwapeleka mahakamani wakaguzi wa serikali walioandika vibaya kumhusu. Lakini mpeni muda maalumu. Wiki mbili zinatosha. Uchunguzi wa Chilcot wa hukohuko Uingereza kuhusu vita vya Iraki ulianza 2009 na ripoti yake ikatoka 2016, na hatua hii ya kuwasubiri wanaokosolewa ililaumiwa kwa sehemu ya ucheleweshaji huo.

Msipendekeze adhabu. Andikeni mlichothibitisha, mlichoshindwa kuthibitisha, na utaratibu gani urekebishwe, kisha muitake bodi ijibu kila pendekezo kwa maandishi: imekubali, au imekataa na kwa sababu gani.

Mkimaliza, faili zote apewe katibu wa bodi, nakala zilizo kwenye simu na kompyuta za wajumbe zifutwe, na kundi la WhatsApp livunjwe. Hilo la kundi ndilo litakalowasumbua. Ripoti imeshapelekwa zamani, na bado kuna mtu anatuma "habari za asubuhi wajumbe," akifuatiwa na mwingine anayeuliza yule ofisa kaishia wapi.